Hedifoni za mgongo wazi: Zipime penye kimya, uokoe masikio

IKIWA unakusudia kununua hedifoni za kusikilizia redio au muziki nyumbani, huenda muuzaji amekuwekea mezani aina mbili ambazo kwa mbali zinafanana. Aina ya kwanza ina vikombe vilivyofungwa kabisa upande wa nyuma. Ya pili ina matundu au wavu nyuma ya vikombe, na ukiisogeza kwenye mwanga unaweza kuona kilichomo ndani. Hii ya pili ndiyo hedifoni ya mgongo wazi. Siku hizi zipo za bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu, na wengi wanaambiwa kwamba ni bora kwa masikio.

Je, ni kweli? Jibu ni kwamba ni kweli nusu, na nusu iliyobaki inaweza kukuharibia masikio usipoijua. Ili tuelewane vizuri, tutachukua mfano wa nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Huko mtu anaweza, ndani ya siku moja, kutoka katika kimya ambacho mkazi wa jijini hakijui kabisa na kuingia katika ngurumo za mitambo. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuonyesha hedifoni hizi zinafaa wapi na hazifai wapi.

Matundu yana kazi gani?

Ndani ya kila kikombe mna spika ndogo. Utando wa spika hiyo unapotikisika husukuma hewa mbele, kuelekea kwenye sikio, na nyuma pia. Katika hedifoni iliyofungwa, hewa ya nyuma hunaswa ndani ya kikombe. Katika ile ya mgongo wazi hutoka nje kupitia matundu.

Faida zake ni mbili. Kwanza, sauti haigongani ndani ya kikombe, hivyo husikika kama inatoka chumbani na si katikati ya kichwa. Pili, sikio linapata hewa, kwa hiyo joto na jasho hupungua.

Hasara nazo ni mbili. Aliyeketi karibu nawe atasikia unachosikiliza, na wewe utasikia kila kinachotokea nje. Hasara hii ya pili ndiyo inayohusu afya yako zaidi, kama tutakavyoona.

Aina hii si ngeni. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa hedifoni yake ya HD 414 mwaka 1968, nayo inatajwa kuwa ya kwanza ya mgongo wazi kuuzwa kwa umma. Wasomaji wenye umri watakumbuka Walkman ya Sony ya mwaka 1979, iliyokuja na hedifoni nyepesi za sifongo; hizo pia ziliruhusu sauti za nje kupenya. Koss Porta Pro ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, ingali inatengenezwa na ni miongoni mwa zile za bei nafuu.

Usipimie barabarani

Wengi wetu hununua vifaa kama hivi katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, au katika vibanda vilivyo karibu na stendi za matatu mijini. Hapo muziki unapigwa mlangoni, makondakta wanaita abiria, na honi hazikomi. Muuzaji anakuvalisha hedifoni, unaona husikii vizuri, naye anaongeza sauti mpaka juu.

Kuna mitego miwili hapo. Wa kwanza ni kwamba sikio la binadamu hudhani chenye sauti kubwa zaidi ndicho bora. Ukilinganisha hedifoni mbili, na moja ikiwa juu kidogo tu, utaisifu hiyo hata kama ni duni. Basi kabla ya kulinganisha, hakikisha zote mbili zinatoa sauti ya kiwango kimoja.

Mtego wa pili ni besi. Hedifoni nyingi za mgongo wazi hazina besi nzito. Aliyezoea mdundo wa matatu ataona kuna pengo, naye ataongeza sauti akiitafuta besi hiyo. Lakini anapoongeza, huongeza kila kitu, pamoja na zile sauti kali za juu ambazo huliumiza sikio upesi. Lipe sikio lako siku tatu au nne lizoee kabla ya kuilaumu hedifoni.

Kimya cha mashambani

Sasa jichukulie kwamba umefika kwa jamaa zako karibu na Litein au Mogogosiek, na jua limekwisha kutua. Wachumaji wamerudi nyumbani, na kinachosikika ni wadudu na mbwa wa mbali. Hapo ndipo mahali pa kupimia. Kama huna safari ya huko, tumia chumba chako cha kulala alfajiri kabla mtaa haujaamka.

Anza na sauti ya mtu anayezungumza. Fungulia taarifa ya habari ya Radio Taifa, au ya Kitwek FM kama unafahamu Kikalenjin. Anza sauti ikiwa chini kabisa, kisha ipandishe polepole mpaka uelewe kila neno bila kujikaza. Simama hapo. Hicho ndicho kiwango chako, na utashangaa jinsi kilivyo chini. Sikiliza herufi "s" na "sh": zikikuchoma kama mluzi, hedifoni hiyo itakuchosha kabla saa moja haijaisha.

Kisha jaribu uimbaji wa kundi. Kwaya ya kanisa inafaa sana: jiulize kama unaweza kuifuata sauti ya tatu peke yake bila kupotea. Nchi ya chai yenyewe ina kipimo chake kinachojulikana duniani. Mwaka 1950, Hugh Tracey alifika Kapkatet na vyombo vyake vya kurekodi, akanasa wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha huku zeze la nyuzi likipigwa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika mashambani. Katika hedifoni nzuri utasikia kwamba wasichana hao ni wengi, wala si sauti moja nene, na nyuzi za zeze hazitazama chini yao. Hata hivyo, usiitumie rekodi hiyo kupima upana wa sauti, kwani ni ya zama ambazo masikio yote mawili yalipata kitu kile kile. Kwa upana, tumia muziki wa benga wa miaka ya karibuni ambao gitaa moja limewekwa kushoto na jingine kulia.

Mwisho, angalia kama simu au redio yako inaiweza hedifoni hiyo. Kwenye boksi tafuta kipimo cha omu. Za omu 16 hadi 32 kwa kawaida husukumwa vyema na simu. Zile za omu 250 zinahitaji kikuza sauti, na zikichomekwa kwenye simu utapandisha sauti mpaka mwisho bila kuridhika. Simu nyingi za siku hizi pia hazina tundu la hedifoni, hivyo uliza kuhusu adapta kabla ya kulipa.

Starehe si anasa

Hedifoni inayobana haiishii kuudhi tu. Huleta maumivu ya kichwa na ya taya, na mtu mwenye maumivu hasikilizi vizuri. Ivae kwa dakika 10 kamili dukani bila kuivua. Inamisha kichwa kama anayesoma gazeti, isiteleze. Tafuna kitu, isigonge taya. Ikiwa unavaa miwani, kilemba, hijabu au kofia ya sufi, kama wengi wanavyofanya katika baridi ya Kericho, ivae pamoja na hivyo. Mkono wa miwani huacha mwanya kwenye mto wa kikombe, na besi hutorokea hapo.

Angalia pia mto wenyewe. Mto wa ngozi bandia hubambuka, na sifongo hukatika vipande ikikaa mahali penye unyevu, nako Kericho mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Nunua hedifoni ambayo mito yake inaweza kubadilishwa. Isitumiwe na watu wengi bila kusafishwa, hasa ikiwa mmoja wao ana sikio linalotoa usaha.

Mvua ikianza juu ya mabati

Umelala vizuri na hedifoni yako, sauti iko pale ulipoiweka. Ghafla mvua inaanza. Sehemu za Kericho zinajulikana mbali kwa mvua ya mawe, na nyumba ya mabati isiyo na dari hugeuka ngoma. Kwa sababu hedifoni yako ina mgongo wazi, kelele hiyo yote inaingia. Mkono wako, bila hata wewe kufikiri, unaongeza sauti. Mvua inazidi, nawe unazidi. Inapokatika, sauti inabaki kule juu, kwani sikio limekwisha kuizoea.

Hapa inafaa tufanye hesabu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, yalitoa mwongozo wa usikilizaji salama. Kwa mtu mzima, kiwango ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara mbili na muda hukatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na desibeli 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Mtu aliyepandisha desibeli 9 kwa sababu ya mvua anaweza kumaliza fungu lake la wiki katika jioni mbili.

Kanuni yake ni rahisi: kelele za nje zikizidi, usiongeze sauti, zima. Mvua itapita.

Kiwandani si mahali pake

Jambo hili ndilo zito zaidi. Katika kiwanda cha chai, mapangaboi makubwa hunyausha majani usiku na mchana, mashine za kusaga majani hunguruma, na vikaushio navyo vina kelele zake. Huko mashambani, mashine za kuchumia chai zinazoshikwa na watu wawili zina injini ya petroli isiyo mbali na masikio. Wapo vijana wanaovaa hedifoni wakiwa kazini, wakiamini kwamba muziki unawakinga na ngurumo.

Hedifoni ya mgongo wazi haikingi chochote. Ngurumo inaingia kupitia matundu, na muziki unaongezwa juu yake, kwa hiyo sikio linapigwa mara mbili. Hata hedifoni ya kawaida iliyofungwa si kinga ya kazini. Kinga ni viziba masikio au vifuniko vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kuwekwa penye kelele inayozidi desibeli 90 mfululizo kwa zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Mwajiri anapaswa kutoa kinga. Nawe una haki ya kuidai.

Aidha, kumbuka kwamba sikio halina daftari mbili, moja ya kazi na nyingine ya burudani. Aliyekuwa kwenye mitambo zamu nzima anarudi nyumbani akiwa amekwisha kutumia fungu lake. Mtu huyo anahitaji kimya kwanza, hata kama hedifoni yake ni nzuri namna gani. Hali ni hiyo hiyo kwa dereva wa matatu, fundi wa kuchomelea vyuma na mwendeshaji wa bodaboda mjini.

Kisichorudi

Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa habari za ubongo. Katika binadamu, vikifa havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Sauti za juu ndizo hupotea kwanza, na ndiyo maana mtu huanza kuchanganya "fika" na "shika", "saa" na "faa", huku akisema kwamba wenzake wananong'ona. Mlio wa masikioni usiokwisha nao huanza hivyo hivyo, na humnyima mtu usingizi hata katika kimya kile cha mashambani.

Ukivua hedifoni na kusikia mlio, au ukaona dunia imezibwa kama kwa pamba, huo ni mwito. Pumzisha masikio siku nzima. Hali hiyo ikiendelea kesho yake, nenda hospitali uombe kupimwa na wataalamu wa masikio, pua na koo. Usitie mafuta wala kijiti. Usikivu ukipotea ghafla katika sikio moja, usingoje hata siku moja, kwani matibabu hufaa yakianza mapema.

Kwa ufupi, msomaji, hedifoni ya mgongo wazi ni rafiki wa mtu aliyeketi mahali patulivu. Ichague penye kimya, weka sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu, iandike namba hiyo mahali, na kila baada ya saa moja ivue upumzike. Usiku wa leo, kabla hujalala, angalia sauti ya simu yako iko wapi. Kisha ishushe ngazi mbili, usikilize taarifa ya habari, uone kama kuna neno lililokupita.