Je, Wajua? Maajabu ya leza ya kulengea bastola

Kile kitone chekundu kinachotua kifuani mwa jambazi kwenye filamu tumekizoea mno, hata hatukiulizi tena maswali. Leo tukiulize! Nyuma yake kuna jiwe la thamani, gesi, hesabu za risasi inayoanguka, na jambo moja la ajabu kuhusu macho yako mwenyewe.

Leza ya Terminator ilikuwa na waya ndani ya mkono wa koti

Mwaka 1984, katika filamu ya The Terminator iliyoongozwa na James Cameron, Arnold Schwarzenegger, aliyeigiza roboti muuaji, alibeba bastola ndefu ya AMT Hardballer iliyofungwa leza nene juu yake. Leza ile iliwaka kweli. Iliundwa na kampuni ya Kimarekani ya Laser Products, ambayo leo wengi wanaijua kwa jina la SureFire. Kasheshe ilikuwa umeme: ndani yake mlikuwa na gesi za heliamu na neoni, na gesi hizo zilidai kama volti 10,000 ili ziwake, kisha volti 1,000 hivi ili zisizimike. Umeme wa kiasi hicho haukuweza kutoka ndani ya bastola. Basi chanzo cha umeme kikafichwa ndani ya koti la mwigizaji, waya ukapitishwa kwenye mkono wa koti mpaka kwenye silaha, na swichi akaishika kwa mkono wa pili. Roboti muuaji aliyetoka mwaka 2029 alikuwa na nyaya chini ya nguo!

Siku hizi kazi hiyo inafanywa na daiodi ndogo sana ambayo mara nyingi hula betri moja au mbili za CR2032, zile za duara kama sarafu. Na ukitaka kumshangaza fundi saa wa mtaani kwenu, mwambie maana ya namba hiyo: 20 ni upana wa betri kwa milimita, na 32 ni unene wake, yaani milimita 3.2.

Leza ya kwanza duniani iliwaka ndani ya rubi

Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, Theodore Maiman wa maabara ya Hughes alizungusha taa ya mmweko kwenye kijiti cha rubi, akaiwasha, na mwanga mwekundu wa aina ambayo dunia haikuwa imewahi kuiona ukatoka. Rubi ni oksidi ya alumini yenye chembe za kromiamu. Ni madini yaleyale yanayochimbwa Longido, kaskazini mwa Tanzania, ila kijiti cha Maiman kilikuzwa kiwandani. Leza yake ilitoa mmweko mmojammoja tu, kwa hiyo usingeweza kuitumia kulenga kitu. Miezi saba baadaye, Desemba 1960, Ali Javan, mzaliwa wa Tehran, na wenzake katika maabara za Bell walitengeneza leza ya heliamu na neoni iliyoweza kuwaka bila kukatika. Ndiyo ukoo wa ile iliyopanda juu ya bastola ya Terminator.

Ule mstari mwekundu hewani kwa kawaida haupo

Mwanga wa leza unakwenda mbele tu. Ili uuone ukiwa pembeni, lazima kitu kiutawanye ukufikie jichoni: vumbi, moshi au ukungu. Watengeneza filamu hujaza chumba moshi ndipo wapate mistari ile mizuri. Katika hewa safi, utakachokiona ni kitone kwenye shabaha.

Kijani cha nguvu ileile kinaweza kung'aa mara nane ya chekundu

Chukua leza mbili zenye nguvu sawa kabisa, moja ya kijani ya nanomita 532 na nyingine nyekundu ya nanomita 650. Macho yako yataiona ya kijani kuwa kali takribani mara nane. Sababu haiko kwenye leza, iko kwako: mchana, jicho la binadamu linaona vizuri zaidi mwanga wa nanomita 555 hivi, ambao ni kijani chenye umanjano. Ndiyo maana kitone chekundu hupotea haraka kwenye jua kali huku cha kijani kikiendelea kuonekana. Pia wapo watu, hasa wanaume, ambao wamezaliwa na macho yasiyoipokea vizuri rangi nyekundu. Kwao leza nyekundu ni karibu sawa na hakuna.

Utamu zaidi uko ndani ya kifaa. Leza nyingi za kijani za kizazi cha kwanza hazikuanza na kijani hata kidogo! Zilianza na mwanga usioonekana wa nanomita 808, huo ukaamsha fuwele ya kwanza itoe mwanga wa nanomita 1,064 ambao nao hauonekani, kisha fuwele ya pili ikagawa urefu wa wimbi hilo kwa mbili. Nusu ya 1,064 ni 532. Hesabu ya darasa la nne imegeuka rangi!

Lakini safari hiyo ina gharama. Leza hiyo inakula betri zaidi kuliko nyekundu, inasumbuka kwenye baridi, na kifaa kikiundwa kwa ubahili, ule mwanga usioonekana huvuja. Mwaka 2010, watafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, waliripoti kalamu ya leza ya bei poa ambayo kijani chake kilikuwa hafifu huku ikimwaga karibu miliwati 20 za infraredi. Jicho halifumbi kwa kitu lisichokiona, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa hiyo anayenunua leza ya kijani aulize mambo mawili: je, ina kichujio cha infraredi, au ni ya daiodi mpya zinazotoa kijani chenyewe moja kwa moja, karibu na nanomita 520? Hizo za pili hazina infraredi ya kuchuja.

Risasi na mwale hukutana mahali pamoja tu

Wengi hudhani kitone kikiwa pale, risasi itatua palepale kwa umbali wowote. Sivyo. Mwale unakwenda mnyoofu. Risasi inaanza kuanguka mara tu inapotoka mtutuni. Risasi ya milimita 9 yenye mwendo wa mita 350 kwa sekunde huanguka kama sentimita 2.5 ndani ya mita 25 za kwanza.

Tena leza haikai ndani ya mtutu, inakaa pembeni yake. Tuseme iko sentimita 3 chini ya mtutu, na mwenye nayo ameirekebisha ili vikutane mita 10. Kwa mita 5, risasi itapiga kama sentimita 1.5 juu ya kitone. Kwa mita 20 itapiga karibu sentimita 4 chini yake. Ndiyo kazi ya vile viskrubu viwili vidogo sana kwenye kifaa: kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Mwenye bastola ndiye anayechagua wapi vikutane, na ni lazima ajaribu kwa risasi halisi kwenye uwanja wa shabaha.

Leza haitulizi mkono, inauanika

Mtutu ukiyumba nyuzi moja tu, kitone kinahama zaidi ya sentimita 17 kwa umbali wa mita 10, karibu shubiri nzima! Mtu anayewasha leza kwa mara ya kwanza hushtuka kuona kitone kinavyocheza, akadhani kifaa ni kibovu. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka hivyo tangu zamani. Kwangu mimi hili ndilo tumizi bora kuliko yote: bastola tupu, magazini imetolewa, chemba imekaguliwa mara mbili, imeelekezwa mahali salama, kisha unavuta kifyatulio polepole ukikitazama kitone. Kikiruka wakati wa kubofya, umeona kosa ambalo mwalimu angekueleza kwa maneno mengi.

Jicho haliwezi kuona sawasawa vitu vitatu kwa pamoja

Kulenga kwa alama za chuma kunadai upange alama ya nyuma, alama ya mbele na shabaha, na zote ziko umbali tofauti. Jicho linachagua moja, nyingine zinakuwa ukungu. Leza inaiweka alama juu ya shabaha yenyewe, faraja kubwa kwa waliovuka miaka 45 na kuanza kusogeza gazeti mbali ili wasome.

Kuna leza inayojificha ndani kabisa ya bastola

Nyingi hufungwa kwenye reli iliyo chini ya mtutu. Crimson Trace, wakati huo wakiwa Oregon, waliiweka kwenye mpini, na swichi ikawa chini ya vidole, hivyo ukishika bastola imewaka. LaserMax wa New York wakaenda mbali zaidi: waliingiza leza ndani ya kijiti kinachobeba springi chini ya mtutu. Kwa nje karibu huoni kitu.

Kuna mkataba wa kimataifa wa kulinda macho

Leza za bastola zinazoonekana kwa macho kwa kawaida hazivuki miliwati 5, ila hata hizo hazifai kuelekezwa machoni. Mwaka 1995, mjini Vienna, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku silaha za leza zilizoundwa kupofusha watu. Marekani nako, tangu 2012, kuielekezea ndege leza kwa makusudi kunaweza kukufanya ufungwe hadi miaka 5.

Kitone kinaweza kukuambia kama unahitaji miwani

Acha bastola kabisa, chukua kalamu ya leza ya darasani. Vua miwani, mulika ukuta mweupe usiong'aa, na utazame ukutani tu. Utaona vichembe vinavyometameta ndani ya kitone. Sasa tikisa kichwa polepole kushoto na kulia. Vichembe vikienda kinyume na kichwa chako, huoni vizuri vitu vya mbali. Vikikufuata upande uleule, unaelekea kutoona vizuri vya karibu. Vikibaki vinametameta bila kuchagua upande, macho yako yanauona ukuta huo barabara.