Kuimarisha Kisanduku cha Spika Nyumbani

Spika ikinguruma ovyo usiilaumu upesi. Weka kiganja ubavuni mwa kisanduku. Kikitetemeka, ujue mbao zinaimba pamoja na spika. Hapa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, unyevu huvimbisha mbao za maranda yaliyoshindiliwa, na kwa familia ya askari kila uhamisho hulegeza viungo.

Dawa yake ni faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo, na rezini ya poliesta, kama ile ya kuundia mashua. Ondoa spika, kwaruza ndani kwa msasa, futa vumbi. Changanya rezini kidogo kidogo na kigumishi kwa kipimo kilichoandikwa mkebeni. Kikizidi, mchanganyiko huchemka na waweza kuwaka. Paka, laza kitambaa, gandamiza kwa brashi hadi mapovu yatoke. Tabaka mbili zatosha. Ngoja saa 24 au zaidi.

Kazi hii ifanyike uani penye upepo, mbali na watoto na jiko la makaa, kwani mvuke wake hushika moto. Vaa glavu na miwani: kigumishi kikiingia jichoni chaweza kupofusha. Spika hununuliwa tena. Jicho halina duka.