Lenzi ya Bandia Isizunguke Ndani ya Jicho Refu



Mwenzetu akitolewa mtoto wa jicho, nyapara humtaka kazini kesho yake, kwani bandeji imekwisha ondolewa na anaona. Kwa yule ambaye tangu utoto huona vya karibu tu, haraka hiyo ni mbaya zaidi. Tueleze sababu.

Jicho la kawaida lina urefu wa milimita 24 hivi, toka mbele hadi nyuma. La asiyeona mbali kabisa hupita 26, na mengine hupita 30. Daktari hutoa lenzi iliyochafuka na kuacha kifuko chake chembamba, kisha humo huweka lenzi ya plastiki. Katika jicho refu kifuko mara nyingi ni kipana, basi lenzi hupwaya kama beringi ndogo katika tundu kubwa. Wiki zinapopita kifuko hunywea na kuishika.

Lenzi ya kawaida ikizunguka kidogo si neno. Iko nyingine, ya kurekebisha jicho ambalo kioo chake cha mbele hakikupinda sawasawa. Hiyo lazima ikae katika mstari wake. Ikizunguka digrii 10 imepoteza theluthi ya kazi yake. Ikifika 30, ni kama haikurekebisha kitu. Mara nyingi huzunguka katika saa za kwanza baada ya operesheni, na ikizidi, daktari hufungua tena airudishe.

Tangu miaka ya 1990 madaktari wanayo pete ya plastiki ngumu, yenye umbo la herufi C, ambayo hutanua kifuko kutoka ndani. Husaidia, lakini haiondoi haja ya kupumzika. (Plastiki hiyo ni jamii moja na ile ya lenzi ya kwanza, aliyoiweka daktari Harold Ridley mjini London mwaka 1949.)

Kwa hiyo, kabla ya operesheni muulize daktari: jicho langu ni refu kiasi gani? Pete inahitajika? Cheti kiandike siku za mapumziko na kazi zilizokatazwa: kubeba magunia, kuinama, vumbi la katani. Nakala mpe mwakilishi wa tawi, maana nyapara husahau upesi. Jicho lisisuguliwe.

Na ukiona vimulimuli, madoa meusi mengi ya ghafla, au kivuli kama pazia, usingoje zamu iishe. Utando wa nyuma wa jicho refu huchanika kwa urahisi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.