Bwawa na Haki ya Jirani wa Mto

Maji ni riziki ambayo Mwenyezi Mungu hakuiwekea mpaka wa kata wala wa wilaya. Hunyesha juu ya wote, kisha hushuka bondeni, yakapita kwa huyu na kufika kwa yule. Basi binadamu ajengapo ukuta katikati ya mto, hagusi maji peke yake. Hugusa pia maisha ya kila aliyekuwa akiyategemea, wa juu na wa chini. Jambo hili twaona lafaa kuzungumzwa majumbani, kwani sisi wa Songea tumo ndani yake kuliko wengi wadhanivyo.

Katika Mkoa wetu wa Ruvuma yamo maji yasiyokwenda Ziwa Nyasa wala kuufuata Mto Ruvuma. Hayo hukusanywa na Mto Luwegu, ambao hushika njia ya kaskazini kupita pande za Namtumbo na mapori ya Selous, hata ukakutana na Mto Kilombero pale Shuguli. Hapo ndipo uanzapo Mto Rufiji. Wataalamu hukisia kwamba katika kila sehemu 100 za maji ya Rufiji, 18 hivi zimeletwa na Luwegu.

Mbele ya makutano hayo, katika korongo liitwalo Stiegler's Gorge, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019, maji yakaanza kuzuiwa tarehe 22 Desemba 2022, na Februari 2024 mtambo wa kwanza ukatoa umeme. Mitambo yake ni 9, na nguvu yake yote ni megawati 2,115. Nao mji wa Songea, uliotegemea mashine za dizeli kwa miaka mingi, uliungwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Kwa hiyo taa anayosomea mtoto wetu usiku huenda ikawa imewashwa na maji yaliyotoka katika mkoa wake mwenyewe. Hiyo ni neema, nayo yataka shukrani.

Lakini mabwawa yaliyotangulia yametufunza kwamba bonde likishazuiwa halirudi kuwa lile lile. Tutazame Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 mahali ikutanapo mito ya Ruvu na Kikuletwa, chini ya Kilimanjaro. Ardhi mpya iliyofunikwa ilirutubisha maji, perege wakazaana, na wavuvi wakamiminika kutoka kila upande. Vijiji vikaota penye nyika kavu. Mwaka 1970 walivuliwa samaki zaidi ya tani 20,000. Haikupita miaka mingi rutuba ile ya mwanzo ikapungua, nyavu zikazidi samaki, na riziki ikashuka ghafla. Waliodhani kwamba bwawa ni hazina isiyokwisha waliona mwisho wake.

Bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 juu ya Ruaha Mkuu, nalo lina somo lake. Liliwekwa liwe akiba ya maji ya mitambo ya Kidatu. Huko juu, katika bonde la Usangu, mashamba ya mpunga na makundi ya ng'ombe yakaongezeka, kila mmoja akichota kwa kadiri ya nguvu zake. Tangu mwaka 1993 mto ule ukawa unakatika wakati wa kiangazi. Mwaka 2006 serikali ilianza kuwahamisha wafugaji wa Usangu, nao wakaondoka na mifugo yao kwenda mikoa ya mbali. Na Oktoba 2015, kwa ukame, mitambo ya umeme wa maji nchini ilizimwa. Aliyechota bila kiasi huko juu, na aliyekaa gizani mjini, wote walikuwa watu wa mto mmoja.

Sasa tushuke Rufiji. Watu wa huko tangu zamani wana kilimo kiitwacho mlau. Mto hufurika wakati wa masika. Maji yakipungua huacha udongo mpya, nao hupanda humo mahindi, kunde na mboga. Mafuriko hayo hayo hujaza maziwa madogo ya kando ya mto na kuyaletea samaki. Ukuta wa bwawa uzuiapo maji, huzuia na udongo ule. Aprili 2024 ikawa kinyume chake: maji mengi mno yaliingia Rufiji na Kibiti, yakaharibu nyumba na mashamba. Baadhi ya wananchi walililaumu bwawa, na serikali ikajibu kwamba mvua zilipita kiasi. Sisi hatuamui baina yao. Twasema tu kwamba tangu ukuta ule usimame, furiko la Rufiji lina mkono wa mtu penye lango, na mkono wa mtu una hisabu.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila hukumu. Madina palikuwa na bonde liitwalo Mahzur, likipitisha maji ya mvua kwenye mashamba. Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba wa juu ayazuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha amwachie wa chini. Tazameni uadilifu huo: wa juu ana haki ya kwanza, wala hana haki yote.

Kwa kipimo hicho, wenye kushika lango wana wajibu wa kuwaonya watu wa chini mapema kabla ya kufungua maji, na kuwaachia furiko la kiasi ili mlau wao usife. Na sisi wa juu tuna wajibu wetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Akataye miti ya chanzo na kulima hata ukingoni hupeleka tope bwawani, na tope likijaa, akiba ya maji hupungua. Wala hatukosi mfano wa kufuata: Wamatengo wa Mbinga hulima milima mikali kwa mashimo ya ngolo, na mvua haiwachukulii udongo wao.

Vijana wetu wamefunzwa kutofuja maji ya udhu hata wakiwa kando ya mto utiririkao. Na wajue sasa sababu moja ya adabu hiyo: chini ya kila mto yuko mtu anayengoja. Maji tutakayoyahifadhi Namtumbo ndiyo yatakayotiliwa udhu Utete, kwa watu tusiowajua wala wasiotujua. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani wema kwao. Amin.