Kuchagua Ngalawa ya Kuvulia

Wavuvi wa Kunduchi, Msasani na Mjimwema huvua kwa ngalawa tangu zamani. Mtu atakaye kununua ngalawa twamwonya asivutwe na rangi, bali atazame mambo haya matatu.

Kwanza, gogo. Ngalawa nyingi huchongwa kwa mwembe, mti ulio rahisi kuchonga lakini huoza upesi. Gonga toka omo mpaka tezi; palipooza hutoa sauti nzito. Kisha tia maji ndani, utazame nje: penye ufa patajionyesha.

Pili, ndubi, yaani mbao mbili zieleazo ubavuni. Hizo ndizo zizuiazo chombo kisipinduke. Kamba zifungazo matengo zikiwa zimechakaa, zibadili kabla ya kutweka tanga.

Tatu, vifaa. Usiondoke pwani bila kafi mbili, upondo, nanga yenye kamba ndefu, upo wa kukumbia maji, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu.

Miezi ya Juni mpaka Agosti, Kusi ivumapo kwa nguvu, bahari huchafuka. Hapo ufa uliodharauliwa pwani huweza kuwapoteza watu. Basi ukague chombo kabla hujatoa fedha.