Baada ya Dawa, au kwa Sababu ya Dawa?

Tangazo la dawa aghalabu huambatana na ushuhuda. Mama mmoja alishikwa na mafua, siku ya nne akanunua chupa, juma lililofuata akawa mzima. Msikilizaji huunganisha mambo hayo mawili pasipo kuombwa na mtu: alikunywa, akapona, basi kilichomponya ni kile alichokunywa. Kila neno la shahidi huyo laweza kuwa kweli. Kisichothibitishwa ni hilo “basi”.

Mafua ya kawaida huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10. Maumivu ya mgongo na ya viungo nayo hupanda na kushuka, na kwa kuwa watu hukimbilia dawa pale yanapokuwa makali mno, nafuu inayofuata huenda ingalikuja hata bila ya dawa. Wahenga walikwisha kulisema: jogoo awike, asiwike, kutakucha.

Njia ya kujua ni kulinganisha. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio la streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Wagonjwa 55 walipewa dawa na mapumziko ya kitandani. 52 walipewa mapumziko peke yake. Baada ya miezi 6, picha za eksirei zilionyesha nafuu kubwa kwa 28 wa kundi la kwanza na kwa 4 wa kundi la pili. Hao wanne ndio wa kutazamwa. Lau mmoja wao angalikuwa akinywa chai ya mizizi, muuza mizizi angalipata shahidi mwaminifu, mwenye picha mkononi. Katika kundi lao hilohilo walifariki 14, dhidi ya 4 kwa waliopewa dawa. Na marehemu hatoi ushuhuda redioni.

Kwa mafua, hasara ni bei ya chupa. Kwa kisukari na shinikizo la damu mambo ni mengine kabisa, kwani mgonjwa anaweza kujisikia vizuri huku kipimo chake kikiwa juu. Tena mara nyingi shahidi alikuwa akimeza vidonge vya hospitali wakati uleule, jambo ambalo tangazo halitaji.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwulize muuzaji ni wangapi waliotumia dawa hiyo wasipone, walikuwa wakitumia nini kingine, na walilinganishwa na nani. Kuletewa shahidi wa pili si jibu. Nchini Tanzania, uliza pia kama dawa hiyo ya asili imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Na ikiwa tayari unatumia dawa za hospitali, usiziache wala usipunguze dozi kabla ya kupimwa na kuzungumza na daktari wako; nenda na chupa hiyo ili aione.