Ndani ya Jenereta Kuna Gavana

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi hadi Machi 2010. Hitilafu ilitokea kwenye mfumo wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, na kwa takriban miezi mitatu mahoteli, maduka na pampu za maji zikategemea jenereta. Vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo siku za kawaida mtu husikia kengele ya baiskeli kabla hajaiona, vilijaa ngurumo na moshi wa petroli.

Hata asiyeishi Unguja anaijua hali hiyo kwa kiasi chake: mgao wa umeme, giza la ghafla saa mbili usiku, kisha jirani anavuta kamba na jenereta inanguruma. Anayetaka kununua yake huanza kwa kusoma wati zilizoandikwa ubavuni. Wati zina umuhimu, lakini hazisemi mashine itafanya nini pale mzigo utakapobadilika ghafla. Hapo ndipo jenereta nzuri na mbovu zinapoachana, na kazi ya kuyakabili mabadiliko hayo hufanywa na vifaa viwili vidogo ambavyo mnunuzi haonyeshwi dukani.

Jenereta ya kubeba ni mashine mbili zilizounganishwa na shafti. Upande mmoja kuna injini ya petroli, mara nyingi ya pistoni moja. Upande wa pili kuna rota, yaani sumaku inayozunguka, na kuizunguka kuna stata, koili za shaba zilizotulia tuli. Kanuni ni ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikipita mbele ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya. Rota za jenereta nyingi za petroli zina ncha mbili tu, kaskazini na kusini, kwa hiyo kila mzunguko hutoa wimbi moja la umeme. Vyombo vya majumbani kwetu vimetengenezewa hezi 50, mawimbi 50 kwa sekunde. Basi injini haina hiari: lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika, iwe imebeba taa moja au nyumba nzima. Marekani, kwenye umeme wa hezi 60, mashine ya aina hiyohiyo huzungushwa mara 3,600.

Dereva wa gari akiona mlima huongeza mafuta. Jenereta haina dereva.

Isikilize ikiwa imewasha taa na televisheni. Mlio umenyooka. Mara kompresa ya friji inashtuka. Mota ya kompresa inapoanza kuzunguka hunyonya umeme mara tano hadi saba ya ule itakaotumia ikishashika kasi. Mlio wa jenereta unazama, mwanga wa taa unafifia, halafu injini inakaza sauti na kila kitu kinarudi mahali pake. Ni jambo la sekunde moja hivi, na mwenye nyumba huenda asiinue hata macho.

Ndani ya sekunde hiyo mambo mawili yameharibika na yote mawili yametengenezwa. Kadiri umeme unavyovutwa, ndivyo rota inavyokuwa nzito kuizungusha. Kasi ikashuka, na hezi zikashuka nayo. Papo hapo volti nazo zikaporomoka, kwa sababu koili zenyewe hula sehemu ya nguvu zinapobebeshwa ampia nyingi. Aliyeokoa kasi ni gavana. Aliyeokoa volti ni kifaa kingine, ambacho zamu yake itafika.

Gavana hukaa tumboni mwa injini, kwenye oili. Ni gia ndogo, mara nyingi ya plastiki, iliyobeba vipande vya chuma vyenye bawaba. Injini ikienda mbio, vyuma hutanuka kama sketi ya mchezaji anayezunguka na kusukuma pini. Pini husukuma mkono unaotokea nje ya injini. Mkono hufunga kipepeo cha kabureta, petroli na hewa vikapungua. Upande wa pili springi inavuta ili kipepeo kifunguke. Kasi ya injini hutulia pale vyuma na springi vinapolingana nguvu. James Watt alifunga gavana ya vyuma vinavyotanuka kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, na wazo lile ndilo lililomo hadi leo kwenye mashine inayouzwa kando ya barabara Kariakoo.

Gavana ya aina hii ina tabia moja inayopaswa kujulikana. Ili kipepeo kifunguke zaidi, vyuma lazima vilegee kidogo, na haviwezi kulegea bila kasi kupungua. Kwa hiyo jenereta iliyosetiwa vizuri haikai kwenye hezi 50 kamili muda wote. Bila mzigo huwa karibu na hezi 52, na ikibebeshwa mzigo wake wote hushuka hadi 50 au chini yake kidogo. Anayepima mashine tupu, akaona 52, akailegeza hadi 50, ataikuta iko chini mno siku ya kazi.

Uharibifu wa upande wa pili ndio unaotokea zaidi. Mteja analalamika kwamba umeme ni hafifu. Mtu anachukua bisibisi, anakaza skrubu ya springi ya gavana, taa zinang'aa, mteja anaondoka ameridhika. Kilichofanyika ni kuipeleka injini mizunguko 3,300, pengine zaidi. Nguvu inayotaka kung'oa waya za rota kutoka mahali pake hukua kwa mraba wa kasi: ongeza kasi kwa asilimia 10 na nguvu hiyo inaongezeka kwa asilimia 21. Pistoni na fimbo inayoiunganisha na shafti vinavutwa kwa ukali uleule. Multimita nyingi za siku hizi zina kipimo cha hezi, na bei yake ni ndogo kuliko rota moja. Skrubu ile isiguswe na mtu ambaye hana kipimo hicho mkononi.

Kuna ugonjwa mwingine ambao kila mwenye jenereta ameusikia, injini kupumua: inapanda, inashuka, inapanda tena, bila mzigo wowote kubadilika. Gavana inaona kasi imepungua, inafungua kupita kiasi. Inaona imezidi, inafunga kupita kiasi. Mwanafizikia James Clerk Maxwell alilichukulia jambo hili kwa uzito hata akaandika mwaka 1868 utafiti wa kihesabu kuhusu gavana, kazi ambayo wahandisi wa mitambo ya kujiendesha wanaihesabu miongoni mwa misingi ya fani yao. Kwenye jenereta ya nyumbani chanzo huwa cha chini kuliko hesabu za Maxwell: tundu dogo la kabureta limezibwa na petroli iliyolala miezi kadhaa, viungo vya mkono vimelegea, au springi imening'inizwa kwenye tundu lisilo lake. Kabureta isafishwe kwanza kabla ya jingine lolote.

Sasa volti. Rota ya jenereta nyingi si sumaku ya kudumu. Ni chuma kilichozungushiwa waya, na nguvu yake ya sumaku inategemea umeme inaopewa. Umeme huo unapitia vipande viwili vya kaboni vinavyosugua pete za shaba kwenye shafti, na anayeupima ni AVR, kisanduku kidogo kilichojazwa gundi ngumu, kilichofichwa nyuma ya kifuniko cha mwisho. Kinatazama volti zinazotoka. Zikishuka chini ya 230, kinaiongezea rota umeme; zikipanda, kinaupunguza. Swali la haki ni hili: asubuhi, kamba inapovutwa, umeme wa kwanza wa rota unatoka wapi? Unatoka kwenye kumbukumbu ya chuma. Chuma cha rota hubaki na usumaku kidogo tangu safari iliyopita; usumaku huo huzaa volti chache, AVR inazirudisha kwenye rota, sumaku inakua, volti zinakua, na muda mfupi baadaye zimefika 230. Mashine iliyokaa stoo muda mrefu inaweza kusahau kabisa. Injini inanguruma vizuri, soketi hazina kitu, na mwenye nayo anaambiwa koili zimeungua. Mara nyingine kinachohitajika ni fundi kuchomoa waya za AVR na kuigusisha rota betri ya volti 12 kwa sekunde chache.

Vijenereta vidogo kabisa, vile vya kuchanganya oili na petroli, havina AVR wala kaboni. Kapasita moja iliyounganishwa na koili ya pembeni ndiyo inayokuza sumaku. Ni ujenzi rahisi usio na cha kuchakaa, na bei yake inafikika. Lakini hakuna kinachopima volti. Zinafuata kasi na mzigo. Taa na redio zitavumilia. Kompyuta haipaswi kuwekwa hapo.

Mapinduzi yalikuja kwa kuuvunja ule mkataba wa mizunguko 3,000. Kampuni ya Honda, ambayo jenereta yake ya E300 ya mwaka 1965 ilikuwa kati ya za kwanza za kubeba kuuzwa kwa wingi, ni miongoni mwa zilizoeneza mashine za inveta. Humo rota ina sumaku za kudumu zenye ncha nyingi, na umeme wake mchafu hauendi kwenye soketi. Unanyooshwa kwanza kuwa wa moja kwa moja kama wa betri, kisha swichi za kielektroniki zinaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde na kuujenga upya kuwa wimbi laini la hezi 50. Kwa kuwa wimbi linajengwa na saketi, injini iko huru. Mzigo ukiwa mdogo, inatembea polepole na kunywa kidogo; friji ikishtuka, mota ndogo kwenye kabureta inafungua kipepeo kwa amri ya kompyuta. Mashine ya aina hii ya kilowati mbili inaweza kuwa na kilo 21, mtu akaibeba kwa mkono mmoja. Udhaifu wake unaonekana siku inapoharibika: AVR ya kawaida hubadilishwa na fundi wa mtaani kwa skrubu mbili, ilhali bodi ya inveta ikiungua hununuliwa nzima, kama inapatikana. Kwa mtu wa kijijini anayeendesha pampu, mashine nzito ya kizamani bado ni chaguo la busara.

Pampu yenyewe inahitaji hesabu. Jenereta ya kVA 2.5 hutoa karibu ampia 11. Pampu ya nguvu-farasi moja hutumia kama 5 ikiwa kazini, lakini kuanza kwake kunaweza kudai 25 au 30. Wati za ubavuni zinasema inatosha. Sekunde ya kwanza inasema haitoshi. Na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko kwa sababu hewa ni nyepesi. Mashine iliyobeba pampu vizuri Mombasa ikipandishwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, inakuwa imeacha njiani karibu moja ya tano ya nguvu zake.

Kuna jambo moja ambalo gavana na AVR haviwezi kabisa kulitawala, nalo ni moshi. Anayejua hatari ya kulala na jiko la mkaa chumbani aizidishe mara nyingi: jenereta moja ya petroli inaweza kutoa kaboni monoksidi kama mamia ya magari ya kisasa. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Marekani, viwango vilivyotolewa mwaka 2018 vilileta mashine zenye kihisio kinachozima injini gesi inapofika kipimo fulani hewani. Nyingi zinazouzwa kwetu hazina. Kwa hiyo barazani hapana, jikoni hapana, gereji iliyoachwa mlango wazi hapana. Mita sita kutoka nyumbani, ekzosi ikitazama mbali na madirisha. Na isiunganishwe na nyumba kwa waya wenye plagi ya dume pande zote mbili. Transfoma ya mtaa haijui umeme unatoka upande gani. Ikipewa volti 230 kinyumenyume itazipandisha hadi maelfu kwenye nguzo, ambako fundi wa shirika la umeme anaamini waya umekufa. Swichi ya kubadilishia, inayokata kabisa laini ya nje kabla ya kuingiza jenereta, ndiyo inayomlinda mtu huyo.

Umeme ukirudi, vyombo vichomolewe kwanza na injini iachwe itembee tupu dakika chache ipoe. Kama mashine haitatumika karibuni, usizimwe ufunguo; ifungwe koki ya petroli. Injini itaendelea kwa yale yaliyobaki ndani ya kabureta. Dakika ya mwisho gavana itafungua kipepeo hadi mwisho ikitafuta kasi ambayo haipo tena, mlio utapanda kidogo, utakatika, na kabureta itabaki kavu hadi mgao unaofuata.